Maneno matatu ya Kiingereza, neno moja la Kiswahili: Mtego uliomo katika tafsiri ya sentensi fupi

MWANAFUNZI wa Kiingereza hukutana mapema sana na sentensi yenye kiwakilishi, kitenzi na shamirisho: "I love you", "She called him", "They saw us". Kwa kuwa ni fupi, wengi hudhani kuitafsiri kwa Kiswahili, au kutafsiri mfano wake kutoka Kiswahili, ni kazi rahisi kama kumsukuma mlevi. Sivyo. Sentensi ndefu humtahadharisha mtafsiri, akaenda polepole. Hii fupi humpitia kama upepo, na makosa yake hayaonekani hadi yamekwisha kuleta madhara.

Makala haya yananuia kuonyesha namna lugha hizi mbili zinavyotofautiana katika kutaja mtenda na mtendwa, na kwa nini tofauti hiyo ina uzito hata nje ya darasa.

Tuanze na Kiingereza. Katika lugha hii, kiima ni sharti kitajwe kama neno linalojitegemea. Hata pale ambapo hakuna mtenda yeyote, Kiingereza hudai kijazwe kitu: "It is raining". Ukiuliza hiyo "it" ni nani au ni nini, hupati jibu. Ipo tu kwa sababu kiti cha kiima hakiruhusiwi kubaki kitupu. Sisi husema "kunanyesha" au "mvua inanyesha", tukaendelea na safari.

Jambo la pili ni mpangilio. Kiingereza cha kale kilikuwa na miishilio iliyoonyesha ikiwa nomino ni mtenda au mtendwa, hivyo maneno yaliweza kuhamahama zaidi ndani ya sentensi. Miishilio hiyo ilikuwa imeanza kudhoofika, na katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani mwaka 1066 ilichakaa karibu yote. Kazi yake ikachukuliwa na mpangilio wa maneno: mtenda kwanza, kitenzi, kisha mtendwa. Viwakilishi ndivyo vilivyobaki na kumbukumbu ya mfumo wa zamani. Ndiyo maana "I" hugeuka "me", "he" ikawa "him" na "they" ikawa "them".

Kiwakilishi "you" kina kisa chake. Zamani "thou" na "thee" zilitumika kwa mtu mmoja, ya kwanza ikiwa kiima na ya pili shamirisho. Kwa watu wengi palikuwa na "ye" na "you" kwa utaratibu huo huo. Anayesoma Biblia ya King James ya mwaka 1611 atazikuta zote. Leo "you" imebeba mizigo yote minne peke yake.

Sasa tuje nyumbani. "Ninakupenda" ni neno moja, lakini ndani yake mna sentensi nzima: ni- ni mtenda, -na- ni wakati, -ku- ni mtendwa, na -pend- ni mzizi wa kitenzi. Kila kiambishi kina kiti chake, wala hakibadilishani na jirani. Hebu tazama neno "mnampenda". Mna m- mbili. Ya kwanza, iliyokaa kwenye kiti cha kiima, ina maana ya "nyinyi". Ya pili, iliyokaa kwenye kiti cha shamirisho, ina maana ya "yeye". Umbo ni lile lile, ila kiti ndicho kinachoamua maana. Kwa hivyo Mwingereza hupanga maneno ndani ya sentensi, nasi hupanga viambishi ndani ya kitenzi.

Kutokana na hilo, viwakilishi huru kama "mimi", "wewe" na "yeye" havihitajiki ili sentensi ikamilike. Vikitokea, huwa vimekuja na ujumbe wa ziada. Anayesema "mimi ninakupenda wewe" anasisitiza: mimi, hata kama wengine hawakupendi, wewe, wala si yule mwingine. Mtafsiri anayeandika "yeye alisema kuwa yeye atamwita yeye" kwa sababu Kiingereza kilikuwa na "he", "he" na "her" anapandisha sauti mahali ambapo mwandishi asilia alikuwa akizungumza kwa utulivu. Magazeti na matangazo ya biashara yamejaa misisitizo hii isiyokusudiwa.

Kosa jingine ni kuacha kiambishi cha shamirisho na kuweka kiwakilishi huru mahali pake: "nimeambia yeye", "niliona wewe jana". Katika mazungumzo ya mitaani jijini Nairobi utasikia hivyo kila siku, na watu wanaelewana, kwa hivyo sina haja ya kumcheka mtu. Lakini katika Kiswahili sanifu, shamirisho akiwa binadamu, kitenzi hutarajiwa kumbeba: "nimemwambia", "nilikuona jana". Hata nomino ikitajwa, kiambishi hubaki: "nilimwona mwalimu".

Kwa vitu, mambo ni tofauti kidogo, na hapa ndipo utamu wa lugha ulipo. "Nilisoma kitabu" ni kitabu chochote. "Nilikisoma kitabu" ni kile ambacho mimi nawe tunakijua. Kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa "a" na "the", Kiswahili kinaweza kuifanya kwa silabi moja tu katikati ya kitenzi.

Kiti hicho cha shamirisho, hata hivyo, kina nafasi ya abiria mmoja tu. Kiingereza husema "She gave it to him", viwakilishi vitatu katika sentensi moja. Sisi husema "alimpa", basi. Anayepewa ndiye aliyekaa kitini, na kitu kilichotolewa kinaeleweka kutokana na mazungumzo. Tukihitaji kukitaja tutasema "alimpa kitabu hicho". Hatuwezi kusema "alikimpa". Mtafsiri anayehangaika kutafuta mahali pa kuipachika "it" anatafuta kiti ambacho hakipo.

Hadi hapa nimezungumzia makosa yanayoharibu ladha. Tukigeuza safari, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kosa linaweza kumharibia mtu maisha.

Chukua kitenzi "alimsukuma". Kiswahili hakijali ikiwa mtenda ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinajali. Neno hilo moja lina tafsiri nne: "he pushed him", "he pushed her", "she pushed him" na "she pushed her". Mtafsiri hawezi kuacha pengo. Sharti achague.

Sasa tuseme shahidi yuko kizimbani na anasema: "Juma na Halima walikuwa sebuleni wakigombana. Alimsukuma, akaanguka." Nani alisukuma? Nani alianguka? Kiswahili cha shahidi huyu hakijasema, na pengine yeye mwenyewe anadhani amekwisha kueleza, maana picha anayo kichwani. Mkalimani akitamka "He pushed her and she fell", na maneno hayo yakaingia katika rekodi ya Kiingereza, ushahidi umepata kitu ambacho shahidi hakukitoa. Mkalimani ametoa ushahidi kwa niaba yake, tena bila kuapishwa kama shahidi. Kesi ikifika mahakama ya rufaa, majaji watasoma "he" na "she" wakidhani hayo ndiyo maneno yaliyotamkwa kizimbani.

Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha inayotumika katika kesi. Haki hiyo haikamiliki kwa kuwepo tu kwa mtu anayejua lugha mbili. Mkalimani anapaswa kutambua mahali ambapo lugha moja imenyamaza na nyingine inalazimisha jibu. Hapo, njia ya haki ni kuifahamisha mahakama ili shahidi aulizwe: nani alimsukuma nani? Swali hilo huchukua sekunde chache. Kukisia kunaweza kumgharimu mtu miaka gerezani.

Mtego huu upo pia upande wa pili. "I will see you" inaweza kuwa "nitakuona" au "nitawaona", na mtafsiri ni lazima ajue anayezungumziwa ni mmoja au ni wengi. Vilevile, siku hizi Kiingereza hutumia "they" kwa mtu mmoja ambaye jinsia yake haikutajwa. Katika tangazo la kazi, "they" ya namna hii ikimrejelea mwombaji mmoja, Kiswahili ni "atawasilisha vyeti vyake", wala si "watawasilisha". Kiambishi a- hakikuwahi kubagua, kwa hivyo tatizo ambalo Waingereza wanalitafutia dawa halikutuhusu tangu mwanzo.

Walimu wetu, basi, wasiishie kuwafunza wanafunzi kwamba "him" ni "yeye". Waulize: katika sentensi hii, nani katenda, nani katendewa, na je, lugha ninayoitafsiri imesema hayo au ni mimi ninayeyaongeza? Mwanafunzi aliyezoea swali hilo la mwisho atakuwa mwandishi wa habari na mkalimani wa kuaminika.

Juma lijalo tutaangazia kauli ya kutendwa, na jinsi inavyotumiwa na wakubwa kuficha mtenda.