Chakula cha Nyumbani na Marejesho ya Mkopo: Mume na Mke Wapange Pamoja



Kamati za mikopo za vyama vyetu zinayafahamu vema maombi ya kuongezewa muda wa marejesho. Mara nyingi mwombaji akiulizwa sababu, hasemi kwamba mradi wake umekufa au kwamba mazao yamekataliwa sokoni. Husema, “Unga uliisha nyumbani, nikatumia fedha ya chama.” Jibu hilo ni la kweli, na halifai kuchekwa. Mkopo huandikwa kwa jina la mtu mmoja, lakini hulipwa kutoka katika chungu kile kile wanachokitegemea watu wote wa nyumba ile. Nia ya makala hii ni kueleza jinsi mume na mke wanavyoweza kugawana gharama za chakula bila kugombana na bila kulaza marejesho.

CHAKULA NA DENI KATIKA HISTORIA YA USHIRIKA

Jambo hili si geni katika ushirika. Wale wanachama 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba, 1844, bidhaa zao za kwanza zilikuwa unga wa ngano, siagi, sukari, unga wa shayiri na mishumaa. Waliweka kanuni kwamba duka lao litauza kwa fedha taslimu tu. Walikuwa wameona jinsi mfanyakazi anayekula kwa kukopa anavyofungwa na mwenye duka, akawa hana uhuru wa kuchagua bei wala ubora wa anachokula. Basi tangu mwanzo, ushirika umetambua kwamba deni la chakula ni deni baya kuliko yote, kwa kuwa kinacholiwa leo hakizai kitu cha kulipia kesho.

KUKAA PAMOJA KABLA YA KUOMBA MKOPO

Hatua ya kwanza ni mume na mke kuambiana kweli. Kila mmoja ataje kipato chake, na ataje madeni yake yote: ya chama, ya kikundi cha kuweka na kukopa, ya dukani, na ya simu. Deni lililofichwa huzaa deni la pili. Mume akikopa kwa siri na kupunguza fedha ya matumizi, mke asiyejua sababu hukopa dukani ili watoto wale. Na mke akikopa kwa siri katika kikundi chake, mambo huwa yale yale.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Kwa hiyo kushauriana si hisani, bali ni haki.

Baada ya kuambiana, wakadirie kwanza gharama ya chakula cha mwezi mzima, ndipo waamue kiasi cha marejesho wanachoweza kubeba. Wengi hufanya kinyume: huandika marejesho kwanza, kisha huacha chakula kijitafutie nafasi yake katika kinachobaki.

MFANO WA MGAWANYO

Tuchukue mfano wa nyumba ya watu watano. Mume analinda ghala na hupata Sh. 300,000/= kwa mwezi. Mke anauza maziwa na ndizi, na baada ya gharama zake hubakiwa na Sh. 200,000/=. Wamekopa Sh. 600,000/= kwa ajili ya ada ya shule, kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio. Mwezi wa kwanza watalipa Sh. 50,000/= za deni na Sh. 9,000/= za riba, jumla Sh. 59,000/=. Mahitaji yao ya lazima kwa mwezi huo ni haya:

Chakula: Sh. 220,000/=
Mkaa, sabuni na taa: Sh. 50,000/=
Marejesho: Sh. 59,000/=
Akiba ya chama: Sh. 20,000/=
Jumla: Sh. 349,000/=

Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja atatoa Sh. 174,500/=. Mume atabaki na Sh. 125,500/=, na mke Sh. 25,500/= tu. Kwa macho mgawanyo huu unaonekana kuwa wa haki, lakini ng'ombe akiugua mke hana fedha ya dawa, na maziwa yanayolisha nyumba yanakatika. Iwapo watagawana kwa kadiri ya kipato, yaani mafungu matatu kwa mume na mawili kwa mke, mume atatoa Sh. 209,400/= na mke Sh. 139,600/=. Mume atabaki na Sh. 90,600/=, na mke Sh. 60,400/=. Kila mmoja ametoa sehemu ile ile ya kipato chake, na kila mmoja amebakiwa na cha kuendeshea shughuli zake. Njia hii ndiyo tunayoipendekeza.

CHAKULA KISICHONUNULIWA KIHESABIWE

Wakulima wengi husahau kuhesabu chakula kinachotoka nyumbani. Ikiwa familia inakunywa lita moja ya maziwa kila siku, na lita huuzwa Sh. 1,500/=, basi katika siku 30 mke ametoa chakula cha Sh. 45,000/= ambacho hakikupita mkononi kama fedha. Kiasi hicho kiandikwe upande wake, na kipunguzwe katika sehemu anayodaiwa, iwapo hesabu ya chakula imejumuisha maziwa hayo. Vivyo hivyo kwa maharage au ndizi za mume.

Tena kuna kazi ya kupika, kuteka maji na kutafuta kuni, ambayo haina bei sokoni lakini bila hiyo hakuna mlo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali katika hukumu ya mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Ikiwa mahakama huzihesabu, haifai mume azipuuze anapopiga hesabu mezani.

Kadhalika, familia isiuze mahindi yote ili kuwahi marejesho. Watu watano wakila wastani wa gramu 400 za unga kwa siku kila mmoja, watahitaji kilo 2 kwa siku, kilo 60 kwa mwezi wa siku 30, na kilo 730 kwa mwaka, yaani zaidi kidogo ya magunia 7 ya kilo 100. Magunia hayo yatengwe wakati wa mavuno, yakaushwe vizuri, na yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi asiyaharibu. Anayeuza mahindi wakati wa mavuno na kuyanunua tena wakati wa njaa, aghalabu hununua kwa bei kubwa kuliko aliyouzia.

PANAPOBANWA NA PASIPOBANWA

Kubana matumizi si kupunguza sahani ya mtoto. Maziwa, mayai, maharage, dagaa na mboga za majani za watoto wadogo na mama mjamzito visiguswe. Kinachobanwa ni namna ya kununua. Tuseme kipimo cha mafuta cha mililita 50 ni Sh. 500/=; lita nzima kwa vipimo hivyo itagharimu Sh. 10,000/=, ilhali lita ya pamoja yaweza kupatikana kwa Sh. 8,000/=. Hali huwa hivyo hivyo kwa sukari, sabuni na mkaa.

Wenzi wetu wa mfano wakibana hapa na pale, na kupunguza vinywaji na matumizi yasiyo ya lazima, wakapata Sh. 30,000/= za ziada kila mwezi na kuziongeza kwenye deni, watamaliza mkopo kwa miezi 8 badala ya 12. Riba yote itakuwa Sh. 38,400/= badala ya Sh. 58,500/=. Faida hiyo hupatikana pale riba inapotozwa juu ya salio. Kama riba inatozwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, riba ya miezi 12 ni Sh. 108,000/=, na kuwahi kulipa huenda kusipunguze kitu. Mwanachama aulize jambo hili kabla ya kutia sahihi.

DAFTARI, NA SIKU YA SHIDA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari moja latosha: ukurasa wa kushoto kilichoingia, wa kulia kilichotoka, na jina la aliyetoa. Mume na mke walisome pamoja mara moja kwa juma, si usiku wa ugomvi. Asiyejua kusoma asomewe na mwenziwe au mtoto mkubwa.

Ikitokea msiba au ugonjwa, wasikimbilie mikopo ile inayoitwa “kausha damu” ili kulipa marejesho ya chama. Waende wote wawili kwa meneja wa chama kabla ya tarehe ya malipo, wakiwa na daftari lao. Chama kinaweza kumsikiliza anayekuja mapema. Anayejificha humwachia mdhamini wake mzigo, na mdhamini naye ana watoto wanaokula.

WAJIBU WA VYAMA

Tunaziomba kamati za mikopo zimwulize kila mwombaji maswali mawili: Chakula cha nyumba yako kwa mwezi ni kiasi gani? Je, mwenzi wako anaufahamu mkopo huu? Asiyeweza kujibu asifukuzwe, bali arudi nyumbani akapige hesabu na mwenziwe, kisha aje tena. Makala hii yaweza kusomwa katika mikutano ya wanachama, na bei za mfano zibadilishwe kulingana na soko la mahali.

Dawa ya deni ni kulipa, na anayelipa lazima awe amekula.