"Uvimbe" si jina la ugonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu namna magonjwa yanavyoandikwa katika madaftari ya wagonjwa. Mimi si mganga. Ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, kazi yangu ni chaki na rejesta. Lakini yaliyompata mwanafunzi wangu yamenionyesha kwamba neno moja lililoandikwa kwa haraka nusura limpotezee mtoto mguu.

Mwaka jana mvulana wa darasa la sita aligongwa pajani na goti la mwenzake wakati wa mpira. Paja likavimba. Bibi yake, kwa nia njema kabisa, akawa anamkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa nguvu kila jioni. Badala ya kupoa, paja likawa gumu kama gogo na goti likakataa kukunja. Darasani alikaa amenyoosha mguu kati ya madawati. Minong'ono ikaanza kijijini kwamba amerogwa.

Siku ya nne alikuwa amepelekwa zahanati. Katika daftari lake yaliandikwa maneno mawili tu, "uvimbe mguuni", pamoja na vidonge vya maumivu. Haikuandikwa kwamba aligongwa, wala lini. Wiki ya tano tulimpeleka hospitali, mimi na mjomba wake. Aliyetupokea alisoma daftari, akatazama picha ya eksirei iliyoonyesha kitu kama mfupa ndani ya nyama, akaandika kwamba anashuku saratani ya mfupa. Tukaambiwa tujiandae kwa rufaa, na kwamba huenda mguu ukakatwa. Mama mtu alilia njia nzima. Mjomba alianza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wake wawili.

Wiki ya saba tulifika hospitali ya rufaa. Daktari wa huko, kabla ya kugusa paja, aliuliza, "Mwalimu, mtoto huyu aliwahi kugongwa? Siku gani?" Kwa bahati nilikuwa na jibu. Rejesta yangu ya mahudhurio ilionyesha siku ya mechi, na siku tatu zilizofuata ambazo mtoto hakuja shule kwa sababu ya maumivu. Daktari akahesabu majuma, akaagiza picha nyingine. Akatuonyesha kwamba mfupa ule ulikuwa umekomaa pembeni huku katikati ukiwa bado laini. Alisema katika saratani ya mfupa mara nyingi mambo huwa kinyume. Tena alimvua viatu akatazama vidole gumba vya miguu. Nilishangaa, lakini sababu yake nimeielewa baadaye.

Ndugu Mhariri, upo ugonjwa ambao nyama iliyoumia, badala ya kupona kama nyama, hujenga mfupa. Hutokea zaidi pajani na katika mkono wa juu, baada ya pigo zito. Wala si uchawi. Daktari alitueleza kwamba Shirika la Afya Duniani lina orodha ambamo kila ugonjwa una namba yake. Orodha hiyo ilianzia kwa Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893, ikiwa ya sababu za vifo, na Shirika likaichukua mwaka 1948. Katika toleo la 10, lililoidhinishwa mwaka 1990, uvimbe wa mguu usiojulikana chanzo ni R22.4. Saratani ya mfupa mrefu wa mguu ni C40.2. Mfupa unaoota katika nyama kwa sababu ya kuumia ni M61.0. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022 na namba zimepangwa upya, lakini kazi yake ni ile ile.

Mtoto ni mmoja na paja ni moja, lakini njia ni tatu. Namba ya kwanza haisemi kitu, ni dalili tu. Ya pili inaelekeza kwenye kisu. Ya tatu inasema mpumzisheni, msimchue, ngojeni.

Ipo na ya nne, M61.1, ambayo ni ya ugonjwa wa kuzaliwa nao unaogeuza misuli kuwa mfupa kidogo kidogo mwili mzima. Ni adimu sana, na hitilafu ya urithi inayouleta iligunduliwa mwaka 2006. Mwenye ugonjwa huo kwa kawaida huzaliwa na vidole gumba vya miguu vifupi vilivyopinda. Kwake sindano ya kwenye msuli, au kukata kinyama cha kupima, huweza kuotesha mfupa mpya. Ndiyo maana viatu vilivuliwa. Kutazama vidole hakuna gharama, na kwa mtoto mwenye ugonjwa huo kungemwepusha na madhara ya maisha.

Sisemi haya kuwalaumu matabibu wetu wa vijijini. Najua foleni zao, kama wanavyojua wao wingi wa watoto darasani kwangu. Lakini nikiandika katika rejesta kwamba mtoto "hayupo" bila kueleza kama anaumwa, amehama au ni mtoro, mwalimu atakayenipokea atamchapa mgonjwa. Daftari la matibabu nalo ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo napendekeza haya. Matabibu waandike mambo matatu, yaani ameumia wapi, kwa namna gani na siku gani. Wazazi waseme kweli yote, hata kama mtoto aliumizwa katika ugomvi. Walimu wenzangu tuwe na daftari la ajali za shuleni. Na sote tuache kuchua na kukanda kwa moto paja lililopigwa na kuvimba. Apumzishwe, awekewe kitambaa cha maji baridi, na goti likizidi kukaza apelekwe hospitali.

Kijana wetu hakukatwa. Kwa miezi kadhaa alifanya mazoezi ya taratibu aliyoelekezwa, uvimbe ukapungua, goti likakunja. Sasa yuko darasa la saba na mpira anacheza. Ng'ombe wa mjomba bado wako zizini.

Je, wananchi na wahusika wa afya mnasemaje?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Dodoma