Pedeshee asiyetaka kutajwa!

Jamani, mjini hapa tunawajua mapedeshee. Mtu akitunza bendi noti mbili tatu, anataka mwimbaji ataje jina lake, kazi yake na mtaa anaokaa. Asipotajwa ananuna.

Mimi nilitaka kinyume chake, yakanikuta. Mtoto wa jirani alilazwa, mtaa ukaanza kuchangishana. Na mama yake tulikuwa hatusemezani tangu ugomvi wa maji ya bomba, hivyo nikaona nitoe kimya kimya. Nikatuma kwa simu. Kumbe pesa ikifika, majina yako yote yanatokea kwa mweka hazina! Jioni orodha ikarushwa kwenye grupu la WhatsApp, mimi namba mbili. Asubuhi binamu yangu anapiga hodi, eti nimkopeshe. Mama mtoto naye akawa ananisalimia kinyonge, kama mdaiwa aliyekutana na mwenye duka. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikamkumbuka Chuck Feeney, Mmarekani aliyetajirikia maduka ya viwanja vya ndege yasiyotozwa ushuru. Mwaka 1982 alianzisha mfuko wa misaada huko Bermuda, na 1984 akaukabidhi karibu mali yake yote, kwa siri. Waliosaidiwa waliambiwa wafunge midomo. Majengo ya vyuo yakapanda, jina lake ukutani hakuna. Kichekesho ni kwamba mwaka 1988 jarida la Forbes lilimweka kwenye orodha ya matajiri wakubwa wa Marekani, kumbe mwenzao alishagawa zamani! Siri ilitoka 1997, baada ya maduka kuuzwa na mambo kutaka kufumukia mahakamani. Alifariki 2023 akiwa na miaka 92, na mfuko wake ulikuwa umetoa dola bilioni 8. Mwenyewe alivaa saa ya bei chee, akaishi nyumba ya kupanga.

Sisi wa uswahilini Bermuda tutaipatia wapi? Safari ya pili nilipeleka taslimu kwa mweka hazina, nikamwambia aandike "Msamaria mwema" na anisainie. Mtu mmoja lazima ajue, la sivyo hela inaota mbawa. Ila chunguza kwanza kama si mbea.

Juzi mama mtoto akaniita pale bombani.

"Jirani, umesikia? Kuna mtu kamalizia deni la dawa. Sijui hata ni nani. Mungu ambariki."

Nikaitikia amina, nikatega ndoo yangu.