Ukucha uliobonyea kama kijiko: nenda ukapimwe damu

Weka tone la maji juu ya ukucha. Likituama bila kumwagika, ukucha umebonyea kama kijiko. Mara nyingi hiyo ni dalili ya kupungukiwa madini ya chuma, hasa kwa wajawazito na watoto. Hapa Rumonge, kando ya ziwa, malaria na minyoo pia hupunguza damu.

Kupaka dawa ukucha hakusaidii. Nenda kituo cha afya upimwe. Ukipewa vidonge vya chuma, vimeze mpaka viishe hata ukipata nafuu, kwani akiba ya mwili hurudi polepole. Kula ndagala, maharage na sombe. Chai ngoja baadaye.

Ncha za vidole zikivimba na kucha kupinda kuelekea chini, usikawie: huenda ni ugonjwa wa mapafu au moyo.