Maporomoko ya Sanje: kweli au uongo?

Ukiwa Ifakara, taja tu kwamba unapanda Sanje, kule kwenye Milima ya Udzungwa, utapewa habari za kila namna. Tutenganishe mchele na pumba.

"Gari litakufikisha hadi kwenye maji."
Uongo. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, ni ya kutembea kwa miguu. Iwe gari au bodaboda, mwisho wake ni ukingoni mwa msitu. Mbele ni mwinuko, mizizi iliyotokeza ardhini na jasho. Tenga nusu siku.

"Ni poromoko moja tu refu."
Uongo. Maji hushuka kwa awamu tatu, jumla ya mita 170 hivi. Dimbwini chini yake watu huoga, na maji hukata pumzi kwa ubaridi hata siku ambayo bondeni kunafuka joto. Ukiwa juu, penye uwazi kati ya miti, unaona mashamba ya miwa ya Kilombero yalivyotanda.

"Kima wa Sanje aligunduliwa na wanasayansi."
Nusu kweli. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walisikia msituni mlio wasioufahamu. Mwenyeji aliyewaongoza hakushangaa: huyo ni ngolaga. Sayansi ilimwandika tu; wenyeji walikwisha kumjua. Hadi leo, porini hapatikani popote duniani nje ya Udzungwa.

"Mzaliwa wa hapa anajiingilia tu."
Uongo. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, lakini hulipa, na hupanda na mwongozaji. Sheria imewabana zaidi majirani wa hifadhi: kuni zilizoanguka, ambazo zamani waliruhusiwa kuokota kwa siku maalumu, zilipigwa marufuku 2011.

"Masika ndio wakati wake."
Kweli kwa macho, uongo kwa miguu. Machi hadi Mei maji hunguruma, lakini njia huteleza vibaya. Asiyezoea milima aende kati ya Juni na Oktoba, avae viatu vyenye meno.

Basi ukienda, anzia ofisi za hifadhi Mang'ula, msikilize mwongozaji wako, na chupa uliyopanda nayo shuka nayo.