Ramani ya Msitu na Kalamu ya Mama

Mwanamke anayeishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke anaujua msitu huo kwa miguu yake. Anajua njia gani ina kuni kavu hata masika yakichacha, na ukuni gani hutoa moshi wa kumliza mtoto mgongoni. Anajua panapoota uyoga na majani ya kutuliza tumbo, na bwawa gani hubaki na maji mwezi wa pili wakati mengine yamekauka. Yote hayo ameyaweka kichwani. Basi siku wakubwa wanapoketi kuamua sehemu gani ya msitu ifungwe na sehemu gani iachwe wazi, ujuzi wake haupo mezani, kwa kuwa mezani kumetandazwa karatasi, na kwenye karatasi hakuna kitu chake.

Hilo ndilo tunalotaka kuzungumza nawe mwezi huu, mama msomaji. Huenda wewe waishi mjini na kupikia gesi, ukauliza ramani ya msitu inakuhusu nini. Tafadhali endelea kusoma. Wapo dada zetu ambao ramani hiyo ndiyo itakayoamua kama chakula cha jioni kitaiva au la.

MSITU WENYEWE

Arabuko-Sokoke uko katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya kaskazini ya Kenya, kusini kidogo ya mji wa Malindi. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 420, na hakuna pande moja la msitu wa asili wa pwani lililobaki Afrika Mashariki ambalo ni kubwa kuliko hilo. Zamani misitu ya namna hii ilifuatana na bahari kwa mamia ya maili. Leo imebaki vipande vipande.

Mtu akiutazama kutoka barabara ya Mombasa huona ukuta mmoja wa kijani. Akiingia ndani atakuta misitu mitatu. Upande wa bahari ni msitu mchanganyiko, ambamo hukaa mbambakofi. Katikati, penye mchanga mweupe, ni miti ya mirihi iliyoachana, jua likipenya hadi chini. Upande wa bara, kwenye udongo mwekundu, ni kichaka kizito ambamo hukaa bundi wa Sokoke, ndege mdogo anayeweza kukaa katika kiganja cha mkono, anayejulikana hasa huku na chini ya milima ya Usambara huko Tanzania. Humo msituni yumo pia sengi mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, na wamo ndovu, ambao majirani wa msitu wana mengi ya kusema juu yao, mengine hayaandikiki katika gazeti la kanisa.

Udongo huo una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majirani wengi walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba, na hatuwezi kuwalaumu, maana ardhi ilikuwa haba na watoto wengi. Lakini ule mchanga mweupe chini ya mirihi hauna rutuba. Mrihi unaishi hapo kwa sababu unajua kuishi na kidogo. Ukiung'oa ukapanda mahindi, utavuna msimu mmoja au miwili, kisha utabaki na mchanga. Ramani ya udongo ingelionyesha jambo hilo kabla ya panga la kwanza kuinuliwa.

RAMANI INAYOCHORWA CHINI

Neno ramani huwatisha wengi wetu. Tunafikiria vyombo vya wapimaji na karatasi yenye mistari isiyosomeka. Lakini kuna njia ambayo vijiji vingi vimeitumia, nayo haihitaji hata kalamu. Watu hukusanyika chini ya mwembe, wakafagia uwanja, wakachora chini. Jivu huwa barabara. Majani mabichi huwa msitu. Kokwa za maembe huwa nyumba, mawe huwa visima, vibunzi vya mahindi huwa mahali pa kuokotea kuni. Kila mtu anayepita husema, "Hapana, mto haupindi hivyo," na mto huhamishwa kwa kidole. Mwisho kijana mwenye mwandiko mzuri hunakili kwenye karatasi kubwa, na siku hizi wengine hutembea na simu yenye kuonyesha mahali ulipo, wakaweka alama kwenye kila kitu kilichotajwa.

Wanaofanya kazi hiyo wana desturi moja tunayoipenda: wanaume huchora yao, wanawake huchora yao, kisha ramani mbili huwekwa kando kwa kando. Na mara nyingi hazifanani! Ya wanaume huwa na barabara, mipaka ya mashamba, malisho, na mahali penye miti ya mbao na nguzo. Ya wanawake huwa na maji, kuni, dawa, mboga za mwituni, na njia za miguu ambazo wanaume hawakujua kuwa zipo. Ni kijiji kile kile na msitu ule ule. Ikichukuliwa ya wanaume peke yake, mpango utakaoandikwa juu yake utafunga njia za kuni bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Msitu wa Arabuko-Sokoke ulikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza Kenya kujaribu usimamizi wa pamoja kati ya serikali na wananchi. Majaribio yalianza mwaka 1997 katika eneo la Dida. Baadaye ikaja Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na baada yake Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Sheria hizo zinawaruhusu wanaoishi karibu na msitu kuunda chama cha jamii cha misitu, kuandika mpango wa usimamizi, na kutia saini mkataba na Shirika la Huduma za Misitu. Kwa mkataba huo wanaweza kupewa haki za kuokota kuni, kuchuma dawa, kurina asali, kukata majani, na kupokea wageni, mradi wasiuharibu msitu.

Haki hizo hutolewa kwa sehemu. Kuna sehemu isiyoguswa kabisa na sehemu ya kutumiwa kwa kiasi. Na mstari wa kugawa sehemu hizo hupita wapi? Hupita pale ramani inaposema. Sasa waona kwa nini tunaling'ang'ania jambo hili.

MACHO YA ANGANI HAYAONI VISIKI

Wapo watakaosema siku hizi picha hupigwa kutoka angani, haina haja ya kumsumbua mama. Picha hizo ni msaada mkubwa. Shamba jipya likifyekwa katikati ya msitu, litaonekana. Lakini mwizi wa miti wa pwani hafyeki shamba. Anaingia, anachagua muhuhu mmoja wa kuchonga vinyago au mbambakofi mmoja wa milango, anaukata, anaondoka. Majani ya miti jirani hufunika pengo, na picha ya angani huendelea kuonyesha kijani. Vivyo hivyo kwa mtego wa waya uliotegwa chini kwa ajili ya paa au sengi. Kwa hiyo bado watu hutembea kwa mstari ndani ya msitu wakihesabu visiki, mitego na matanuri ya makaa. Anayepita msituni mara kwa mara kutafuta kuni ndiye wa kwanza kukiona kisiki kibichi. Tatizo ni kwamba hana wa kumwambia, au anamjua aliyekata, naye ni shemeji yake.

KIPEPEO NA KARO

Ramani pia inaweza kuonyesha fedha mahali ambapo hatukuiona. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, ambao makao yake yako kwenye magofu ya Gede, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mfugaji hukamata vipepeo wachache wa kike msituni, akawaweka katika kizimba cha chandarua, wakataga mayai. Mayai huangua viwavi, na viwavi hulishwa majani nyumbani mpaka kila kimoja kijifunge ndani ya ganda lake, yaani kiwe pupa. Pupa hizo hununuliwa na mradi na kusafirishwa upesi kwa ndege hadi Uingereza, Marekani na kwingineko, ambako watu hulipa kiingilio ili kuwatazama vipepeo wakiruka ndani ya nyumba za vioo. Ni ajabu, lakini karo imelipwa kwa viwavi.

Kila aina ya kiwavi hula majani ya mti wake, hataki mwingine. Lazima ujue mti huo uko wapi, uchukue mbegu, upande karibu na nyumba. Aliyechora ramani ya mimea ya msitu anajua pa kwenda. Na msitu ukikatwa vipepeo wa mbegu hawatapatikana, biashara imekwisha. Hili liliwageuza nia majirani wengi kuliko mahubiri yoyote juu ya ndege adimu.

Wakristo nao wana mkono wao hapa. A Rocha, shirika la Kikristo la uhifadhi lililoanzia Ureno mwaka 1983, lina kituo Watamu kiitwacho Mwamba. Kupitia mpango wake wa misaada ya masomo, watoto wa jamaa wanaoishi kandokando ya msitu na hori ya Mida wamesaidiwa karo ya sekondari, sehemu ya fedha ikitokana na viingilio vya wageni wanaokuja kutembea kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko.

YASIYOFAA KUANDIKWA

Ramani ina hatari yake pia, na wataalamu wachache hulisema hili waziwazi. Kitu kikishaandikwa kwenye karatasi hakiko mikononi mwako tena. Ukiweka alama penye mti wa dawa, karatasi ikafika mjini, mwuza magome atafika na gunia lake, na mwaka ujao mti umechunwa mpaka umekufa. Ukionyesha miti mikubwa ya mbambakofi iliyobaki, umemwandikia mwizi barua. Wazee wa Wamijikenda nao wana makaya yao, misitu mitakatifu ambayo baadhi yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na kuna mahali ndani yake ambapo hawataki pajulikane. Sisi Wakristo tuna maoni yetu juu ya mila, lakini kutangaza siri ya jirani bila idhini yake si kazi yetu.

Kwa hiyo ni halali kikundi cha akina mama kusema: hili tutalichora, hili tutalieleza kwa mdomo tu, na hili litabaki kwetu.

MABINTI WATANO

Katika kitabu cha Yoshua sura ya 18 tunasoma jinsi makabila saba yalivyokuwa hayajapata urithi, Yoshua akatuma watu watatu kutoka kila kabila watembee katika nchi na kuiandika. Pengine ndiyo kazi ya upimaji ya kale iliyoelezwa wazi kuliko zote katika Biblia. Lakini sura moja kabla yake wamesimama mabinti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, mbele ya kuhani na Yoshua, wakidai sehemu waliyoahidiwa tangu siku za Musa. Hawakungoja wapimaji wamalize. Walikuja mapema, wakataja agizo la Bwana, wakapewa.

Wewe uishiye karibu na msitu wowote, wa Kilifi au wa kwingine, ukisikia mpango wa msitu unaandikwa, ulizeni mambo haya katika kikundi chenu. Je, chama cha msitu kina daftari la wanachama, na majina yenu yamo, au limeandikwa jina la mume tu? Kuni za kichwa zitaokotwa upande gani, siku zipi, na kibali cha mwezi ni shilingi ngapi? Nakala ya ramani itakaa wapi? Ikikaa ofisini mjini hamtaiona tena, afadhali iwe shuleni au kanisani. Majina ya mahali yameandikwa vile mnavyoyaita, Kigiriama au Kisanye, ili bibi yako naye atambue? Na upande wa nyumbani, wakati mkijadiliana, pandeni mvinje na mwarobaini mpakani mwa shamba, kwa kuwa sehemu ikifungwa hamtapata muda wa kungoja mti ukue.

Mkutano ukiitwa saa nne asubuhi, saa ambayo wengi wenu mko shambani au kisimani, ombeni uhamishiwe alasiri. Ombi kama hilo halina haja ya barua, mjumbe mmoja anatosha, na aende mapema kabla viti havijapangwa.