Je, Wajua? Kanda za Redio za Maharamia wa Ireland

Redio ya taifa ya Ireland ilianza Januari 1, 1926. Leseni za redio binafsi zilikuja kutumika mwaka 1989. Katikati hapo, wasiotaka kungoja walirusha matangazo bila ruhusa, na wasikilizaji wao wakawarekodi.

Je, wajua kwamba uharamia huu ni mkongwe kuliko redio ya taifa yenyewe? Aprili 1916, wapigania uhuru wa Dublin waliteka shule ya telegrafu iliyotazamana na posta kuu, wakatengeneza mtambo wake na kutuma habari za uasi kwa alama za Morse, ili meli yoyote iliyo baharini iidake. Rekodi ya sauti haipo hata moja.

Je, wajua kwamba Radio Caroline, iliyowatikisa Waingereza kutoka baharini tangu Machi 28, 1964, ilitayarishwa Ireland? Mwanzilishi wake, Ronan O'Rahilly, alifunga mitambo melini kwenye bandari ya Greenore, mali ya baba yake. Babu yake Ronan aliuawa Dublin katika uasi uleule wa 1916.

Je, wajua kwamba maharamia wengine hawakufuata muziki wala pesa? Mwaka 1970, vijana wa Connemara waliodai haki za wasemaji wa Kiirishi walianzisha Raidió Chonamara bila leseni. Hoja ilieleweka: Aprili 2, 1972, serikali ilizindua Raidió na Gaeltachta, redio ya lugha hiyo.

Je, wajua kwamba stesheni nyingi hazikujificha? Sheria iliyokuwapo ilikuwa ya mwaka 1926 na faini zake zilikuwa ndogo, kwa hiyo mwenye stesheni aliweza kulipa na kuendelea. Sunshine Radio, iliyoanza 1980, ilikuwa na makao yake hotelini Portmarnock, kaskazini mwa Dublin. Matangazo ya biashara yalipokelewa mchana kweupe.

Je, wajua kwamba serikali iliwahi kujibu kwa muziki? Mei 31, 1979, shirika la taifa, RTÉ, lilifungua Radio 2 ili kuwavuta vijana. Mmoja wa watangazaji wake alikuwa Dave Fanning, aliyetokea kwa maharamia. Bryan Dobson naye, ambaye baadaye alisoma habari kwenye televisheni ya taifa kwa miaka mingi, alipitia Radio Nova, stesheni ya maharamia.

Je, wajua kwamba Nova, iliyoanzishwa 1981 na Mwingereza Chris Cary, ilisikika hadi ng'ambo ya bahari, magharibi mwa Uingereza? Ndiyo maana kanda za maharamia wa Ireland zimepatikana pia kwenye nyumba za Waingereza. Mawimbi ya masafa ya kati (AM) husafiri mbali zaidi giza linapoingia, kwa hiyo rekodi za usiku zina kawaida ya sauti kupanda na kushuka, na stesheni ya nchi nyingine ikidandia kwa nyuma.

Je, wajua kwamba Mei 18, 1983 maofisa walivamia Nova na kubeba mitambo, na kesho yake ikawa zamu ya Sunshine? Wasikilizaji waliingia mitaani Dublin kulalamika, na stesheni zote mbili zikarudi hewani. Mtambo wa FM ukizimwa ghafla, redio ya msikilizaji hainyamazi. Hutoa mvumo mkali wa "shaaa" uliokuwa umefunikwa na mawimbi ya stesheni. Ukiukuta mvumo huo katikati ya wimbo kwenye kanda, mara nyingi ujue kuwa ni mtambo uliokatika wala si kanda mbovu.

Je, wajua kwamba mpenzi wa muziki na mpenzi wa redio walirekodi kinyume? Wa kwanza alisubiri mtangazaji amalize maneno ndipo abonyeze kitufe. Wa pili aliacha kila kitu kipite: saa, hali ya hewa, salamu, tangazo la duka la viatu. Leo nyimbo zile zinapatikana popote, ila maneno yale hayapo kwingine. Mara nyingi ndiyo yanayosaidia kuijua tarehe ya kanda isiyoandikwa kitu: tangazo la dansi la Jumamosi, bei ya bidhaa, matokeo ya mechi.

Je, wajua kwamba kanda ya dakika 90 ina utepe wa karibu mita 130, wenye upana usiofika milimita 4? Hupita mbele ya hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Ile ya dakika 120 ina utepe wenye unene mdogo zaidi, ndiyo maana deki huila upesi.

Je, wajua kwamba fundi anayenakili kanda hizi hushika bisibisi kwanza? Hedi ya deki iliyorekodi ikiwa imekaa upande kidogo, sauti nyembamba hufifia kwenye deki nyingine. Fundi huzungusha skrubu ndogo ya hedi taratibu huku akisikiliza, mpaka "s" za mtangazaji zisikike kali. Kanda inayofuata huenda ikadai kipimo chake.

Je, wajua kwamba mwisho wa enzi hiyo ulipangwa mapema? Sheria mpya za 1988 ziliongeza adhabu na kuwagusa hata waliotoa matangazo ya biashara. Waliotaka kuomba leseni walipaswa kuzima kabla mwaka haujaisha. Kwaheri za Desemba 1988 zilirekodiwa kwa wingi, kwa kuwa kila mtu alijua siku.

Je, wajua kwamba uhalali haukuleta usafi moja kwa moja? Century Radio, redio binafsi ya taifa iliyofunguliwa Septemba 4, 1989, ilikufa 1991. Mwaka 2002, tume ya uchunguzi iliripoti kuwa aliyekuwa waziri wa mawasiliano, Ray Burke, alipokea paundi 35,000 kutoka kwa mmoja wa waasisi wa Century. Lakini wengine walifanikiwa: WLR ya Waterford, iliyoanza bila leseni mwaka 1978, ilipata leseni na ingali hewani.

Je, wajua kwamba nyaraka na kumbukumbu za stesheni hizi sasa zimehifadhiwa na Dublin City University? Stesheni zenyewe hazikuwajibika kumwekea mtu yeyote nakala, hivyo urithi wa sauti umetegemea zaidi makabati ya wasikilizaji. Na kunakili hakuna njia ya mkato: kanda ya dakika 90 huchukua dakika 90. Boksi la kanda 100 ni saa 150, yaani siku 19 za kazi za saa nane, kabla hujaandika hata lebo moja.